Mzigo Umelala, Mzigo Mulala

Nyinyi vijana mnaopakia ndege siku hizi mna mzani wenye namba nyekundu. Mzigo unawekwa, namba zinakimbia, zinasimama, mnaandika, kisha mnarudi kwenye simu zenu. Hongereni. Sisi tulipima kwa mguno.

Msicheke. Mzee Sebi, mkuu wetu wa wapakiaji, alikuwa akisimama kando ya mlango wa mkia, macho kafumba, akisikiliza wanaume wakipanda na magunia. "Huyo ana maharage," anasema. "Huyo ana unga. Huyo naye ana unga, lakini jana alikunywa." Miguno mizito ilipelekwa katikati ya ndege, tumboni, pale mabawa yanapobeba. Miguno myepesi ilikwenda nyuma. Ndege iliyolemewa mkiani huinua pua kupita kiasi, na mwenye kuinua pua kupita kiasi haoni anapoangukia, awe ndege au mtu.

Njia hiyo ilitufaa sana mpaka tulipomchukua jamaa mmoja kutoka Nateete aliyeguna hata akibeba kofia yake. Alituvurugia mizigo hadi rubani akaja kulalamika. Mzee Sebi alimfukuza kwa kosa ambalo sijalisikia tena katika ajira yoyote: kuguna uongo.

Nawaandikia kwa sababu nasikia mnasimuliana habari za ile ndege ya mizigo ya jeshi iliyoanguka ikiwa ndiyo kwanza imeruka, na mnasema iliangushwa na kaloli, yule korongo mwenye upara anayeshinda majalalani Kampala. Mnasimulia sawasawa. Ndivyo ilivyotangazwa. Ila kabla ya kaloli kupatikana, aliyekuwa anatafutiwa kamba ya shingo ni Mzee Sebi, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeshika kanzu yake.

Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la tano. Umaskini haukuwa sababu, wala ujinga. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, basi. Nimepakua matoke Nateete, nimelinda mlango wa sinema, nimechimba visima, nimeuza miwani ya watu waliokwisha kufa. Kila kazi niliiacha nilipomaliza kuielewa. Kupakia ndege ndiyo kazi iliyonishika miaka mingi, kwa kuwa kila siku kuna sanduku jipya na mimi siwezi kuona sanduku lililofungwa nikanyamaza. "Ndani kuna nini?" Swali hilo limenipatia makofi mengi kuliko utukutu wangu wote wa utotoni.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, amani imeanza kuzoeleka na wenye akili wamegundua kwamba amani nayo ina biashara yake. Ndege yetu ilikuwa kuukuu, imekodiwa pamoja na rubani wake, mgeni kutoka nchi za baridi, tukimwita Kapiteni Yuri. Ilibeba chakula, mahema na matairi kwa askari waliokuwa mbali. Chakula chenyewe kililetwa na mkandarasi mmoja wa kiraia, mtu mwenye tumbo la kutangulia na rafiki kila ofisi. Sisi tulimwita Bwana Ugavi. Alipenda jina hilo. Hakujua kwamba sisi tukilitamka tulikuwa tunamaanisha anavyojigawia.

Sasa Mzee Sebi. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudani, na katika mambo yote ya dunia alijivunia mawili: mafundo yake na Kiswahili chake. "Lugha hii babu yangu aliingia nayo Uganda begani, pamoja na bunduki," alikuwa akisema. "Bunduki ilirudishwa ghalani. Lugha ilibaki nyumbani kwetu." Nanyi mnajua Kampala inavyokitazama Kiswahili. Kwa mtu wa Kampala aliyelelewa vizuri, Kiswahili ni lugha ya watu wawili: askari anayekusimamisha njiani na mwizi anayekusimamisha mbele kidogo. Mzee Sebi alikaa katikati ya mji huo akisahihisha watu kama mwalimu asiyelipwa.

Karani wa uwanja akija kusema, "Lubani amefika," Mzee anamjibu, "Lubani ni ubani wa kufukiza. Anayerusha ndege ni rubani. Mfukize, uone kama atanukia." Askari wa lango akisema, "Ndege naluka," Mzee anamwuliza ndege inaluka mkeka au kikapu, maana kuluka ni kusuka. Mimi mwenyewe alinipiga kwa spana kwa kusema "gari yangu." Kama mnaona ninaandika Kiswahili kinachosomeka, ishukuruni ile spana.

Jambo kubwa alilotufundisha ni kulaza mzigo. Sikilizeni, maana mizani yenu haifundishi hili. Kwanza unauketisha mzigo: unaupa makalio, chini pana, juu pembamba. Pili unaufunga kwa mnyororo wa kulia kwenda kushoto na wa kushoto kwenda kulia, ili ukitaka kukimbia usijue pa kukimbilia. Tatu unaugonga mnyororo kwa kiganja. Ukilia kama kengele, umekaza mno, utakatika. Ukinyamaza kabisa, umelegea. Unataka sauti ya mtu anayekohoa msikitini, kwa adabu. Mwisho unausukuma mzigo kwa bega na moyo wako wote. Ukikataa kutikisika, umelala. Hapo ndipo Mzee Sebi anakwenda mbele kwa rubani na kusema neno moja: "Umelala." Kapiteni Yuri alijua maneno machache ya Kiswahili, na hilo lilikuwa la kwanza. Alikuwa akiinua kidole na kuuliza, "Lala?" Mzee akijibu "Umelala," ndipo anafunga mkanda wake.

Na madumu. Madumu ya mafuta usiyajaze mpaka mdomoni. Hilo tulifunzwa na Dido, Mkongo kutoka Bukavu, mkimbizi, mwenzetu mwenye mkono mpana kuliko busara. Kazi yake ilikuwa kusafiri na mzigo kuulinda. Siku moja, kwa ukarimu tu, alijaza madumu ya mafuta ya kupikia hadi juu, asipunje askari. Ndege ilipofika angani hewa ikapungua, madumu yakavimba kama vyura, yakapasuka. Ndege ilipotua, afande mmoja mkubwa aliyekuja kukagua alipanda kwa miguu na akashuka kwa makalio, kofia ikimfuata. Dido alitusimulia hadithi hiyo kila wiki, na kila wiki afande aliteleza mbali zaidi. Mara ya mwisho niliyoisikia, alikuwa ametelezea hadi kijiji cha pili.

Mke wa Dido, Mama Furaha, alikuwa na meza ya chai na chapati kwenye lango la pembeni la uwanja, mahali ambapo unaona mkia wa kila ndege. Hapo ndipo tulipokuwa tunakula. Siku ya ajali tulipakia asubuhi: maharage, unga, mahema, matairi. Mzee aligonga minyororo, ikakohoa vizuri. Alimwendea Kapiteni. "Lala?" "Umelala." Halafu ikaja amri kwamba ndege isubiri, kuna ruhusa haijafika. Ruhusa! Ndege ilisubiri hadi adhuhuri. Mzee akaenda kuswali, sisi tukaenda kula, Dido naye akaja kwa mkewe, akala chapati za mume, yaani zile nene. Alipoitwa arudi alikuta mlango wa mkia umekwisha kufungwa. Akapandia mlango mdogo wa mbele. Alitupungia mkono akiwa na chapati mdomoni.

Ndege ilikimbia, ikaachana na ardhi, ikainua pua. Tukangoja iishushe. Haikuishusha. Iliendelea kuinuka mpaka ikasimama kwa mkia angani kama mbwa anayeomba mfupa, ikatulia pale kidogo, kana kwamba inafikiri, halafu ikalalia ubavu na kuingia katika mafunjo ya kinamasi kando ya ziwa.

Tulikimbia. Sitawaeleza tuliyoyaona, mtayaona wenyewe mkikaa sana katika kazi hii, na ninaomba msiyaone. Wasaidizi wawili wa rubani walitolewa hai, wamevunjika. Kapiteni Yuri na Dido walitolewa baadaye.

Mama Furaha alikuwa bado ameshika koleo la chapati tulipomrudia. Hakulia mara ile. Aliuliza tu, na swali lake lilimlenga Mzee Sebi: "Mzee, ile bitu ya mwisho, kwa nini mliweka nyuma kabisa?"

"Vitu gani?" Mzee akasema. Hata katika hali ile alisahihisha. Ulimi wake haukujua msiba.

"Ile mikubwa mbili. Ilifunikwa na blanketi. Wakati wewe uko nasali. Banaume ya ule bwana mwenye tumbo balisukuma, banasukuma, mpaka baliingiza. Niliona na macho yangu."

Siku ya pili watu waliokuwa wakivua mabaki katika kinamasi waliokota mipira midogo ya rangi, mizito, yenye namba. Kila mtu aliyewahi kuingia baa ya Kampala aliitambua. Ni mipira ya puli, mchezo ule wa fimbo na meza yenye mifuko. Na meza ya puli, vijana, chini ya kile kitambaa cha kijani ina bamba la jiwe. Wanaume wanne wanaguna kweli. Bwana Ugavi alikuwa amekwisha kugundua kwamba askari walio mbali na nyumbani wana mishahara na hawana burudani, akaona awapelekee meza mbili kwa ndege ya serikali, bila nauli, bila mnyororo, mkiani.

Hayo tuliyajua sote. Kujua ni jambo moja na kusema ni jambo jingine, na umbali kati yake ndio unaoitwa utu uzima.

Basi ikaundwa tume. Ilikaa katika ukumbi wa kuazima juu ya kilima cha Naguru, mwenyekiti wake jaji mstaafu aliyekuwa akisinzia kwa heshima kubwa. Mashahidi walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kitu kilekile kwa maneno mapya: kamba zililegea. Nani alifunga? Mzee Sebi. Mtaalamu mmoja mwenye tai alionyeshwa mpira mmoja ulioletwa mezani kama kielelezo. Akaupima, akaugeuza, akaeleza kwamba ni gololi kubwa kutoka katika mtambo wa magurudumu. Mpira wenyewe ulikuwa mweusi na umeandikwa nane. Hakuna aliyemwuliza gololi saba nyingine ziko wapi. Mama Furaha hakuitwa. Mwuza chapati, tuliambiwa, si shahidi wa mambo ya anga.

Usiku na mchana nilimfundisha Mzee namna ya kujibu. "Jibu unachoulizwa. Usitaje meza. Bwana Ugavi atakaa benchi la mbele pale, anakutazama. Wewe sema tu kwamba ulifunga vizuri."

"Nitasema mzigo ulilala," akasema. "Hilo ni kweli na linatosha."

"Linatosha kukufunga miaka mingapi?"

"Nikifungwa, nitafungwa na fundo la mtu mwingine. Halitakuwa zuri." Lakini kifungo cha kanzu alikitia katika tundu lisilo lake, na mimi nilikiona. Watu wawili wamekufa. Kwa hilo mtu angeweza kuzeekea gereza la Luzira, naye alikuwa mzee tayari.

Tume iliandika kwa Kiingereza. Mzee Sebi alikijua Kiingereza cha kutosha kukikataa. Akaletewa mfasiri, kijana wa Kiganda mwenye adabu, Kizito, karani wa mawakili. Kiswahili chake Kizito alikipata kwa njia ambayo vijana wengi wa Kampala walikipata wakati ule: kwenye vizuizi vya barabarani, akiwa amelala kifudifudi. Alijua "toa kitambulisho," alijua "pesa iko wapi," na alijua "lala chini."

Mwenyekiti aliuliza swali lake. Kizito akageuza: "Wewe mzee, mbele ya ndege kuluka, iko naambia lubani nini?"

Mzee Sebi alifumba macho kama aliyeumwa jino. "Kwanza, ni kuruka. Pili, ni rubani. Tatu, mbele ya ndege kulikuwa na majani. Ukitaka kusema kabla, sema kabla."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akazinduka. "Shahidi anasemaje?"

"Anawasalimu, Mheshimiwa," Kizito akasema.

"Ajibu."

"Mzee, jibu. Lubani, wewe naambia nini?"

Mzee Sebi alisimama wima. Aliangalia benchi la mbele alipokaa Bwana Ugavi, mikono juu ya tumbo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa neno la kazi yake yote: "Mzigo umelala."

Sasa tazameni ajabu ya mji huu. Kizito alilijua neno lala kwa maana moja tu, ile ya kizuizini, na mzigo hauwezi kuambiwa ulale chini utoe kitambulisho. Sikio lake likahangaika, halikupata pa kutua, likarudi nyumbani kwa mama yake. Kwa Kiganda omugugu omulala ni mzigo mwingine. Mzigo umelala, mzigo mulala. Uso wa kijana ukang'aa kwa kuelewa. Akamgeukia mwenyekiti na kumwambia, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba shahidi anakumbuka vyema: alimwonya rubani kwamba ndani ya ndege kulikuwa na mzigo mwingine.

Ningeweza kusikia mwenyekiti akiamka.

Na kabla mtu yeyote hajauliza neno, Bwana Ugavi alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, zile meza zilikuwa na kibali!"

"Meza zipi?" mwenyekiti akauliza.

Bwana Ugavi alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mzigo uliofungwa pande mbili. "Meza... kwa jumla," akasema.

Kikao kiliahirishwa kwa chai. Ilikuwa bado asubuhi sana kwa chai.

Mzee Sebi, aliyeelewa Kiingereza hicho vizuri, alikuwa tayari anainuka kusahihisha. "Sikusema hivyo! Nilisema u-me-la..." Nilivuta kanzu yake kwa mikono miwili akaketi kwa kishindo. Mshono wa bega ulitoa sauti, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeharibiwa nguo na lugha siku moja.

Tuliteremka kilima tukibishana hadi Kisugu, alikokuwa akiishi.

"Mzee, nyamaza. Kiganda kimekuokoa."

"Kiganda! Bora nifungwe kwa Kiswahili!"

"Hawatakuita tena. Wakikuita itabidi wakuulize ni mzigo gani huo mwingine, na hakuna anayetaka ujibu."

"Lakini wameandika nilijua! Wameandika nilimwambia rubani kuna mzigo mwingine na bado nikamwacha aruke. Mimi? Na neno lenyewe wamelichinja. Umelala, neno safi kama hilo. Mtoto wa miaka mitatu analijua."

"Mtoto wa miaka mitatu si mfasiri wa tume."

Nilivyotabiri ndivyo ilivyokuwa. Tume ilitosheka ghafla na ushahidi. Habari za kamba zikafa, maana huwezi kuuliza habari za kamba bila kuuliza zilifunga nini na hazikufunga nini. Mtaani Kisugu, nako, hadithi ilitutangulia kufika. Mzee Sebi amethubutu! Mzee Sebi amemtaja mkubwa usoni! Vinyozi walimnyoa wakitaka kusikia. Imamu alimshika mkono kwa mikono miwili. Siku ya kwanza Mzee alikana kila alipopongezwa: "Sikusema hivyo, ndugu yangu, ni kosa la ufasiri." Watu wakasema, tazama, na ni mnyenyekevu pia. Siku ya pili alikana kwa sauti ndogo. Kufika Ijumaa nilimkuta kibarazani na wanaume wameketi kumzunguka, anawaambia, "Kuna wakati mtu lazima aseme." Nilikohoa. Hakunitazama.

Simlaumu. Ushujaa wa bure ni kama kanzu ya kuazima, ukishaivaa unaanza kutembea kama mwenyewe.

Uamuzi ulisomwa katika ukumbi uleule. Tuliitwa wote. Safari hii Mama Furaha alikuja, kitenge cheusi, watoto wameachwa kwa jirani. Alisimama nyuma kwa kuwa viti vilikuwa vya wahusika. Mwenyekiti alisoma kwa muda mrefu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mitambo ilikuwa mizuri. Mzigo, aliuruka. Halafu akafika: ndege iligongana na kaloli. Kizito aligeuza kwa Kiswahili, na safari hii hakukosea, ila lugha yenyewe ndiyo iliyomcheka: "Ndege naangushwa na ndege." Hata askari wa mlangoni walitazamana.

Nawaomba mfikirie hekima yake. Kaloli hana wakili. Hana mjomba ofisini. Hasomi magazeti. Anasimama jalalani na ule upara wake na mfuko wake shingoni, na ukimtuhumu anafanana kabisa na mtuhumiwa. Nilishangaa hawakumfikiria mapema.

Mzee Sebi hakuwa na hatia. Tulitoka nje uani, watu wakampongeza tena, na yeye akapokea. Bwana Ugavi alikuwa kando ya gari lake na marafiki zake, anacheka kicheko cha mtu aliyepona jino. Mama Furaha akapita katikati ya watu, akaja kusimama mbele ya Mzee.

"Mzee Sebi. Kule Kisugu batu banasema ulisemaka ile mambo ya meza. Mbele ya ule mukubwa. Bananiambia nikushukuru." Alimtazama vizuri. "Ni kweli, ulisemaka?"

Vijana, hapo palikuwa na njia rahisi. Neno moja, ndiyo, na mjane anashukuru, na Mzee anakwenda nyumbani kazi yake mkononi na sifa yake mabegani. Uamuzi umekwisha kusomwa, hakuna wa kumdhuru. Kila mtu pale alimtaka aseme ndiyo. Mimi nilimtaka aseme ndiyo kuliko wote.

Mzee Sebi aliangalia viatu vyake. "Hapana, mama," akasema. "Sikusema. Niliogopa. Nilisema mzigo umelala, yule kijana akasikia jingine."

Watu waliguna, na mguno ule nisingehitaji kufumba macho kuupima. Mmoja wa vinyozi akageuza uso. Mama Furaha hakuguna. Aliendelea kumtazama, kama anavyotazama chapati isiyoiva bado.

"Basi, sema," akamwambia.

Nitangulize kuwaambia yaliyofuata, yasije yakanikatiza: kesho yake lango la uwanja halikutujua, mimi wala yeye. Bwana Ugavi hakufungwa. Anaishi, ana nyumba kubwa, na baa zake zina meza nzuri. Mzee Sebi alirudi kufunga malori hadi alipofariki, nami nikamfuata huko kwa muda, kisha nikapata uwanja mwingine, nchi nyingine, na mizani yenye namba nyekundu. Kama mnatafuta hadithi ambayo ukweli unalipa, kaulizeni mahali pengine.

Lakini mchana ule alisema. Alitembea hadi mbele ya gari la Bwana Ugavi, akasimama, akasema kwa Kiswahili chake kile, polepole, kila herufi mahali pake, kiasi kwamba hata mwenye Kiswahili cha kizuizini angeelewa. Akalitaja jina la mwenye meza, jina lile aliloitwa na mama yake. Akasema ni meza ngapi, zilipita mlango gani, zilikaa wapi, na kwamba hazikuwa na mnyororo hata mmoja. Akasema, walizisukuma wanaume watatu.

"Bane," Mama Furaha akasema kutoka nyuma yake. "Balikuwa bane."

"Wanne..." Mzee akaanza, akasita. "Bane, mama. Walikuwa bane." Akaendelea. Akasema nani alikufa, na akamtaja Dido kwa jina lake lote, ambalo mimi nilikuwa silijui miaka yote ile, na akasema kwamba hakuna ndege wa angani aliyemgusa.

Bwana Ugavi aliingia garini na kupandisha kioo. Dereva akawasha gari, akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya gari, vinyozi na imamu na askari wa mlangoni, na Mzee Sebi alikuwa bado anasema. Hakuna aliyesogea.